Kisima cha Arobaini ya Moimuna

Hapana, hafi mtu siku hiyohiyo. Wala siku ya pili, wala mwaka wa pili. Na hapo ndipo ugumu wa kazi ya Nilufa ulipo, maana mtu akinywa maji leo, kesho akaamka mzima akaenda zake shambani, utamwambiaje kwamba kanywa sumu?

Saa moja na nusu asubuhi, binti huyu wa miaka ishirini na saba amechuchumaa uwanjani kwa Piyara, mjane mmoja mwenye mdomo, hapa Boroitala, wilaya ya Chandpur, kusini mwa mji mkuu Dhaka. Mbele yake pampu ya mkono. Ameshachota maji kwenye kichupa, ametia unga wa dawa, amefunika kwa kifuniko chenye kikaratasi cheupe, na sasa anatazama saa. Dakika ishirini. Kikaratasi kikibaki cheupe, heri. Kikigeuka njano, halafu kahawia kama chai ya rangi, basi maji yana arseniki.

Arseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hakuna aliyeitia. Ilikuja na matope ya milimani, zamani mno, mito ikayabeba, yakalala chini huku kwetu, na sisi tukayatoboa kutafuta maji. Mtu hunywa miaka kumi, miaka kumi na tano, ndipo viganja vinaota vipele vigumu na kifua kinaingia madoa. Huko mbele ni ini, ni mapafu, ni saratani.

"Haya, soma hukumu," Piyara anasema, mikono kiunoni. "Nimeachiwa au nanyongwa?"

"Bado dakika sita, shangazi."

"Dakika sita! Mimi nimeyanywa miaka ishirini na mbili, wewe unaniambia dakika sita."

Dakika sita zinaisha. Kikaratasi ni kahawia. Nilufa anafungua kopo la rangi na kuupaka mdomo wa pampu rangi nyekundu. Nyekundu maana yake fulia, osha ng'ombe, lakini usinywe wala usipikie. Pampu iliyopakwa kijani, unakunywa.

Piyara anaitazama pampu yake. "Nyekundu niliivaa siku ya harusi," anasema. "Nimefiwa, navaa nyeupe, wewe unakuja kuniozea pampu." Anacheka peke yake. Kisha anauliza taratibu, "Sasa nikachote wapi, mwanangu?"

Swali hilo Nilufa ameulizwa uwanja baada ya uwanja. Mpaka asubuhi hiyo alikuwa amepima visima mia mbili na kumi na tatu katika vijiji vinne. Themanini na nane vyekundu.

Kimoja tu Boroitala kilikuwa hakijapimwa. Cha baba yake.

*

Kisima hicho watu hawakiiti cha Torab, ingawa kiko uwanjani kwa Torab. Wanakiita maji ya Moimuna. Moimuna ndiye mama yake Torab, bibi yake Nilufa, aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita. Kabla hajakata roho alimshika mwanawe mkono akamwambia hataki kaburi la kujengewa, anataka kisima. Watu wanywe, thawabu imfikie huko aliko. Sadaka isiyokatika.

Sasa, kwa watu wa Boroitala, kisima cha ahadi kina sharti lake. Siku ya arobaini ya marehemu, kabla mgeni hajatia tonge mdomoni, anywe kwanza maji ya kisima kile. Maji yatangulie, wali ufuate. Torab alikuwa mkulima mdogo wa mpunga na jute, ule mmea wa nyuzi za magunia, fedha ilichelewa, fundi naye akachelewa. Kalimuddin, mchimbaji visima, akaanza kazi siku ya thelathini na tisa.

Uchimbaji wa kwetu hauna mashine. Jukwaa la mianzi, bomba la chuma limesimamishwa kwenye shimo la maji yaliyovurugwa samadi ya ng'ombe, wanaume wawili chini wanalipandisha na kulishusha kwa mti, na fundi yuko juu, kiganja chake kwenye mdomo wa bomba. Anafunga, anafungua, anafunga, anafungua. Kwa kiganja hicho matope yanapanda na kuruka nje, pwaa, pwaa, na bomba linazama.

Ilipofika futi sabini, mchanga wenye maji ukapatikana. Wageni mia na ushei walikuwa wameshakaa. Wali umeiva, nyama imeiva. Wakafunga pampu, maji yakatoka, watu wakanywa, wakamwombea Moimuna, wakala.

Nilufa alikuwa na miaka minane. Wakubwa walipokuwa wakila yeye alikaa kando ya shimo akafinyanga ng'ombe na kijungu kwa matope yale yaliyotoka bombani. Anakumbuka rangi yake mpaka leo. Kijivu, kama majivu ya jikoni.

*

Alipofaulu kwenda chuo kikuu Dhaka, jina la masomo yake lilikuwa refu, jiolojia ya mazingira, na Boroitala nzima ilitaka kujua ni ugonjwa gani huo. Torab akawaeleza alivyoelewa: ni kusoma ardhi, mawe na maji, na namna vinavyomdhuru mtu au kumfaa.

"Yaani Torab kauza ng'ombe wawili, binti akasomee matope?" Piyara alisema siku ile. "Angekuja kwangu. Yako mlangoni, bure, masika mpaka kiunoni."

Wenzake aliosoma nao wametawanyika. Mmoja yuko visima vya gesi Sylhet. Mwingine anapima vilima vya Chittagong vinavyoporomoka na nyumba za watu. Yuko aliyekwenda machimbo ya makaa kaskazini, yuko anayefundisha, na yuko aliyekosa kazi miaka miwili, sasa ni karani wa benki na wanamtania kwamba anachimba fedha. Nilufa aliingia mradi wa maji. Mshahara wake, kwa fedha ya kwetu, ni taka elfu thelathini na moja kwa mwezi, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, kila Desemba hajui kama Januari ataamka na kazi.

Lakini kabla ya kazi kuna siku moja ya mwaka wa tatu chuoni ambayo hakumwambia mtu kwa muda mrefu.

Mwalimu aliingia darasani na chupa mbili za mchanga. Moja mchanga wa kahawia, kama kutu ya jembe. Nyingine wa kijivu. Akasema: "Bondeni kwetu, wa kahawia mara nyingi maji yake ni salama. Wa kijivu mara nyingi arseniki imeachiliwa, imeingia majini. Fundi anayejua kuangalia mchanga anaweza kuokoa kijiji."

Nilufa akaitazama ile chupa ya kijivu, akamwona ng'ombe wake wa matope. Akainuka akatoka nje, akakaa ngazini.

"Nilijua siku ile," anasema. "Nikanyamaza. Nikajiambia labda, labda. Mwalimu alisema mara nyingi, hakusema kila mara. Nikaishikilia hiyo labda miaka mitatu na nusu. Nimewapimia watu wa mbali, kwetu nikawa napita tu. Mwenye kusoma alikuwa mimi, na mwoga alikuwa mimi."

Kilichomtoa kwenye labda yake ni kiganja. Idi iliyopita mama yake, Hasna, alimpokea mlangoni akamshika mashavu kwa mikono miwili, na Nilufa akasikia shavuni kitu kama punje za mchele mkavu. Akaigeuza ile mikono. Viganja vimeota vipele vigumu, vimeenea mpaka vidoleni.

"Kazi hizo, mwanangu," mama alisema akiificha mikono. "Mpunga, jembe, majivu ya kusugulia sufuria. Mikono ya mwanamke ingekuwaje?"

*

Basi siku ile ya Piyara, alipomaliza kupaka, Nilufa alivuka mfereji akaenda kwao. Baba yake alikuwa anasuka kamba ya jute. Hakumwomba ruhusa. Alichota, akatia dawa, akafunika, akakaa.

Torab akaacha kusuka. Akamtazama binti, akatazama kichupa. Baba na mtoto wakakaa dakika ishirini, kuku wanapita katikati yao.

Kikaratasi kilikuwa kahawia iliyokolea. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu hamsini kwa lita. Hiki kilisoma mia mbili na hamsini.

Nilufa alipogusa kopo la rangi, Torab akasimama.

"Utampaka bibi yako nyekundu?"

"Si bibi, baba. Ni pampu."

"Pampu!" Torab akaelekeza kidole kwenye kibao cha saruji chini ya pampu, chenye jina Moimuna Khatun alilolichora mwenyewe kwa msumari saruji ikiwa mbichi. "Hiyo ni pampu? Msafiri akipita hapa anakunywa, anasema Mungu amrehemu Moimuna. Miaka kumi na tisa! Kama maji yale yalikuwa yanampelekea thawabu, haya niambie wewe msomi. Sumu inampelekea nini? Nimekuwa nikimpelekea nini mama yangu kaburini?"

Jambo hilo Nilufa hakufundishwa, na hakuna kichupa cha kulipima. Akafunga kopo, akaondoka.

Siku nne Torab hakusema naye. Na siku nne hizo, kwa ukaidi tu, akawa anakunywa maji ya kisima kile hadharani, bilauri baada ya bilauri, watu wakiona. Msikitini imamu akamwambia matendo hulipwa kwa nia, na nia yake ilikuwa njema. Torab akasema, "Nia ni yangu. Waliokunywa ni wao."

Aliyemaliza ubishi ni Hasna. Siku ya tano asubuhi mumewe alipoinua bilauri, alimshika mkono. Akamfungulia viganja vyake mbele ya macho, vyote viwili, akavishikilia hapo.

"Baba Nilufa, tazama. Usitazame pembeni, tazama. Nimevificha miaka mitatu ili nisikuvunjie sadaka ya mama yako. Yule bibi namjua kuliko unavyomjua wewe, nimepika naye jiko moja miaka kumi na mmoja. Angekuwa hai akajua watu wanadhurika na maji yenye jina lake, angekuja na ufagio, na asingeanza na kisima. Angeanza na wewe."

Torab akaiweka chini ile bilauri. Wanasema alikaa pale mpaka adhuhuri. Kisha akaenda kwa Kalimuddin.

*

Kalimuddin sasa ana miaka sitini na sita. Kiganja chake cha kulia ni kigumu kama kandambili. Alisikiliza, akakohoa, akasema neno alilokaa nalo miaka yote ile.

"Kaka Torab, siku ile nilikwambia tuongeze siku mbili. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nilisema wali unapoa."

"Ulisema wali unapoa. Na mimi nilikuwa na njaa. Arseniki hakuna aliyeijua, simlaumu mtu. Lakini kiganja changu kilijua ule mchanga bado ni mchanga. Ulikuja upesi mno, mlaini mno, haujaiva. Nikaufunga. Nimevifunga vingapi hivyo, kaka? Hiki kijiji nusu nimekichimba mimi."

Kisha Kalimuddin akauliza, "Huyo binti yako anasema mchanga wa rangi gani?"

Torab hakuanza na rangi siku ile. Kwanza alichukua patasi, akakibandua kile kibao cha jina kutoka chini ya pampu, taratibu, kisivunjike. Akakiegemeza ukutani karibu na jiko. Kisha akachukua brashi mkononi mwa Nilufa, akaipaka pampu nyekundu mwenyewe, mpaka mpini, mpaka mahali pasipohitaji. Alipomaliza alitangaza: Ijumaa watu waje. Atampikia mama yake arobaini upya, na sharti ni lilelile, maji kwanza. Ila safari hii wali utayangoja maji. Mchanga wa kahawia usipotoka, hali mtu.

"Na usipotoka kabisa?" Piyara akauliza.

Torab akakitazama kibao ukutani. "Basi jina litakaa pale jikoni, na kila siku nitaliona."

Nilufa aliogopa kuliko mtu yeyote. Alijua kwamba chini ya Boroitala tabaka la kahawia mahali lipo na mahali halipo. Alikuwa na ramani ya visima vyake mia mbili na kumi na nne, na katika ramani hiyo visima vitatu vya kijani vya jirani, vyote vitatu, vilikuwa na kina cha zaidi ya futi mia na sabini. Alichagua sehemu upande wa mashariki wa nyumba. Akapigilia kijiti, akamwambia fundi, "Hapa, babu. Lakini siahidi."

"Msomi asiyeahidi," Kalimuddin akasema. "Huyu kasoma kweli."

*

Walianza Alhamisi alfajiri. Futi sabini, kijivu. Kalimuddin akapita bila kusimama. Futi mia, kijivu. Futi mia na ishirini, kijivu, na jua likatua, wakalala.

Ijumaa baada ya sala wageni wakaingia, sabini na tano hivi, wakakaa kwenye mikeka. Nyama inachemka, dengu zinachemka, harufu imejaa uwanja. Futi mia na arobaini, kijivu. Nilufa anapokea kila tope linaloruka, analisugua kwa kidole gumba, analipanga juu ya gunia, vijirundo vijirundo kama mtu anayeuza viungo sokoni. Vyote rangi ya majivu.

"Torab," mzee mmoja akaita mkekani, "mama yako alikuwa mkarimu. Wewe ndiye unatufungisha Ramadhani kabla ya mwezi."

"Ngojeni," Torab akasema.

Futi mia na hamsini bomba likagota udongo wa mfinyanzi, mgumu, mweusi. Wanaume wa kwenye mti wakabadilishana, kisha wakabadilishana tena. Kiganja cha Kalimuddin kikachanika, akakifunga kitambaa akarudi juu. Saa kumi ikapita. Wanawake wakapunguza moto chini ya masufuria. Hakuna aliyetania tena. Hasna akaja akasimama nyuma ya binti yake, mikono ndani ya upande wa sari.

Futi mia na themanini na tano tope likabadilika sauti. Kalimuddin akaisikia kabla ya mtu yeyote kuiona, akainua kichwa. Pwaa. Likaruka rojorojo la samadi, na ndani yake punje kubwa. Nilufa akadaka kwa mikono miwili, akaliosha kwenye beseni, akamwaga maji, akabaki na kilichobaki. Akakipeleka kwenye mwanga.

Kutu ya jembe.

Hakupiga kelele. Alimpelekea baba yake kiganjani, na Torab akachovya kidole katika ule mchanga kama mtu anayeonja chumvi.

"Ongeza futi ishirini, babu," Nilufa akasema. "Tuingie ndani yake."

"Nilikuwa naongeza hata usingesema," Kalimuddin akajibu toka juu. "Mara hii wali upoe."

Wakaongeza. Wakashusha bomba la plastiki, wakazungushia kokoto na udongo, wakafunga pampu, vijana wakapokezana kusukuma maji machafu yatoke, zaidi ya saa nzima, mpaka yakawa meupe. Isha ikasaliwa uwanjani. Kisha Nilufa akachota kichupa chake, akatia dawa, akafunika. Watu sabini na tano wenye njaa wakainuka mikekani wakamzunguka, taa zimeinuliwa, wote wanatazama kikaratasi kisichozidi ukucha.

Dakika ishirini. Kikaratasi kilibaki cheupe.

Piyara ndiye aliyevuta pumzi kwanza. "Sasa hapo nitachota," akasema.

Nilufa akawaambia hata hivyo, kwa sauti ya kazini, kwamba kisima hiki atakipima tena kila mwaka, maana maji ya chini husafiri, na kwamba kichupa kingine kitakwenda maabara Dhaka. Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo, macho yao yakiwa kwenye masufuria.

Kazi yake haijaisha. Vyekundu sasa ni themanini na tisa, na mradi una fedha za kuchimba visima sita tu. Hasna hakuna dawa ya kumwondolea vile vipele, daktari kasema maji safi na chakula kizuri, kisha tuone. Nilufa ameandika maombi kwa wakubwa wake: kila mchimbaji wa wilaya apewe vichupa viwili, cha mchanga wa kijivu na cha kahawia, afundishwe asifunge kisima kabla ya kulinganisha. Mwalimu wa kwanza amempendekeza Kalimuddin, asiyejua kusoma. Barua haijajibiwa. "Wakikataa," anasema, "nitajaza vichupa mwenyewe. Mchanga ni bure."

Usiku ule Torab alibeba kibao akakiweka chini ya pampu mpya, kwenye saruji mbichi, akapiga magoti akakisawazisha. Akajaza bilauri ya kwanza. Hakuinywa. Akampa mkewe, na Hasna akaipokea kwa viganja vyote viwili, mbele ya watu, akanywa mpaka chini, akasema Mungu amrehemu mama Moimuna. Zikafuata bilauri nyingine, mkeka kwa mkeka, mpaka kila mtu amekunywa.

Ndipo wali ukapakuliwa. Ulikuwa umepoa kweli, na nyama imeshikana na sufuria. Kalimuddin alilishwa na Nilufa, maana mkono wake ulikuwa kitambaani, na Piyara akasema hajawahi kuona bwana harusi mzee hivyo. Torab aliendelea kuzunguka na sinia, ongeza huku, ongeza kule, mpaka Hasna akamvuta shati.

"Baba Nilufa, kaa. Wote wamepata."

Akatazama mikeka yote, mmoja mmoja. Kisha akakaa, akanawa, akala.